Mwaka Baba Mkwe Alipogombea Ubunge

Baba mkwe wangu alifariki wiki iliyopita, na mpaka anakata roho sikuwahi kumwona uso. Mtu wa mbali akisoma hivyo atadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Nimeishi uani kwake tangu nikiwa msichana, nimempikia, nimemzalia wajukuu, na ningeweza kumtambua kwa kikohozi chake katikati ya gulio. Mgongo wake niliujua, visigino vyake nilivijua, na kofia yake ya pama niliijua. Uso ndio sikuujua, kwa sababu kwetu Wanyakyusa wa huku chini ziwani mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawapishani kwenye njia moja, hawali pamoja, na mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake hata akiwa peke yake shambani. Tunaita kutila. Siku hizi ukienda mjini, pale Mbugani, utamkuta mkamwana na mkwewe wamekaa kochi moja wanaangalia taarifa ya habari, na hakuna anayeshangaa. Sisi wa Ikolo tulibaki na yetu. Mimi sikuiona kama mzigo. Ilikuwa heshima, tena yenye raha zake, maana hakuna baba mkwe aliyewahi kuniambia kwamba wali umeungua.

Siku ya pili ya msiba, wazee wa kanisa walikaa barazani na wifi yangu Tumpe, binti mkubwa wa marehemu, kupanga mazishi. Wakaamua wasifu usomwe na mimi. Nimekuwa diwani, walisema, kipaza sauti hakinitishi. Wote wakaafiki, wakahamia kwenye maturubai na ng'ombe wa kuchinja. Baadaye sana ndipo Tumpe akaja jikoni mbio, ameshika kichwa. "Mwe, wifi! Tumefanya nini? Utasomaje wasifu wa mtu ambaye hutaji jina lake?" Nilicheka. Nilicheka msibani, mbele za watu, mpaka wanawake wakanigeukia. Nilicheka kwa sababu haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa nyumba hii kulisahau jambo hilo hilo. Waliwahi kulisahau mwaka ule Baba alipogombea ubunge, na nusura watukoseshe daraja. Nikamwachia Tumpe akabishane na wazee wake, nikavuta beseni la ndizi nikaanza kumenya, na mwaka ule wote ukanijia.

Ili unielewe, lazima ujue jimbo letu lilivyo. Kuanzia mashamba ya mpunga ya Ipyana hadi mchanga wa Matema, tangu nipate akili, chama ni kimoja tu kinachoshinda. Watu walikuwa wakisema ukiuvika mgomba shati la chama na kuusimamisha jukwaani, mgomba huo utaapishwa Dodoma. Oktoba tunapiga kura kama watu wanaokwenda kwenye sherehe ya harusi ambayo mahari yake ilishapokewa zamani. Uchaguzi wenyewe unakuwa Agosti, kwenye kura za maoni, wanachama wanapochagua nani avae hilo shati. Na hata Agosti hapakuwa na jasho, kwa sababu aliyekuwa mbunge alikuwa anarudi tu. Mbunge wetu wa wakati ule nitamwita Mheshimiwa, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita. Aliishi Dar es Salaam. Alikuja mwaka wa uchaguzi na kalenda zenye picha yake, tukazitundika, na nyingine tukazifunikia vitabu vya watoto. Ya kwetu ilikuwa jikoni, juu ya masufuria. Kwa hiyo uso wa Mheshimiwa, aliyekuwa mbali, niliujua mpaka kovu dogo lililokuwa kwenye nyusi, na uso wa mzee aliyelala upande wa pili wa ua sikuujua. Nilikuwa kijana, sikuona ajabu yoyote hapo.

Mwaka wenyewe kwangu ulianza Aprili, mto ulipofurika. Kati ya kijiji chetu na mji kuna mto ambao kiangazi unauvuka bila kulowesha sketi, lakini masika unajaa mpaka unachukua ng'ombe. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika alfajiri, na kulipopambazuka walinilaza kwenye kitanda cha mianzi wakanibeba, mume wangu Lusajo mbele upande wa kushoto, na majirani watatu. Mama mkwe alitembea ubavuni mwangu akinifunika uso kwa kitenge. Alinifunika kwa sababu Baba alikuwepo. Kwa desturi hakutakiwa awepo, na kitanda changu asingeweza kukigusa. Basi akatangulia. Aliingia majini mbele yetu sote na mti mrefu mkononi, akipima chini, akitafuta pa kupita, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kinaonyesha, nikamwona mgongo. Shati limegandamana, mti unazama na kuibuka. Tuliingia tukarudi, tukaingia tena tukarudi. Tulipofika ng'ambo na kupata gari, mtoto alikuwa ameshatulia tumboni. Alikuwa wa kiume. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya kutoka hospitali nilikuwa nakaa uani kutwa nzima, kando ya mikeka ya kakao, kazi yangu kufukuza kuku. Harufu ya kakao inayokauka ni chachu, inakuingia mpaka kwenye nywele, na mwezi ule sikuwa na nguvu hata ya kuichukia. Nyumba kubwa ilikuwa na dirisha dogo upande ule, na siku moja jioni nikasikia sauti ya Baba ikimwambia Mama, "Nitachukua fomu." Mama akauliza, "Fomu ya nini?" Akajibu, "Ya ubunge." Kikombe kikawekwa mezani. "Wewe?" Mama akasema. "Wewe hata uongo hujui kusema. Ukimdanganya mtoto kwamba sindano haiumi, unaanza kutokwa jasho." Baba akakohoa kile kikohozi chake. Alikuwa bwana shamba mstaafu, alizunguka vijiji vyote vya huku akiwafundisha watu kupogoa mikakao, na hakuna ua ambao hakuwahi kunywa maji. "Sitahitaji uongo mwingi," alisema. "Nataka daraja tu. Yule mtoto hakustahili kungoja maji yapungue." Hakunitaja. Asingeweza kunitaja. Nililia pale mkekani, na kilikuwa kilio cha kwanza tangu hospitali ambacho kilinipa nafuu.

Kufika Juni nyumba yetu ilikuwa imegeuka ofisi. Mabenchi yaliazimwa kanisani, redio ikahamishiwa chumbani, na kila jioni sebule ilijaa wanaume. Jikoni na sebule vilitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi usiofika juu, kwa hiyo kila lililosemwa kule liliniangukia mimi kwenye sufuria. Nilipika na Neema, mke wa shemeji yangu, mwanamke mwenye mdomo usiolala. Ulikuwa mpunga mpya, na wali wa mpunga mpya wa Kyela unapoiva mtu aliye barabarani anasimama. Tulipika na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwa vitunguu, na siku za wageni wakubwa samaki mbasa wa mchuzi. Kikishaiva, nilisukuma sinia mpaka mlangoni, nagonga mara mbili kwenye ubao, narudi nyuma, Mama anakuja kuchukua. Baba naye alikuwa na yake: akitaka kupita uani alianza kuimba wimbo wa kanisa akiwa bado ndani, nasi tukasogea nyuma ya mlango. Nilijifunza nyimbo nyingi mwaka ule.

Mshauri mkuu wa Baba alikuwa Mzee Hamadi, muuza vitambaa wa Mbugani, ambaye babu zake walikuja kutoka Kilwa wakanogewa. Alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu nyeupe juu ya pikipiki, na vumbi lote la Ikolo halikumpata. Kiswahili chake kilitufanya sisi wapishi tuache kukoroga tumsikilize. "Wali huu," alipaza sauti ili tusikie, "ukisimamishwa wenyewe unapita bila kupingwa!" Neema akajibu kupitia ukutani, "Usimamishe basi, Mzee Hamadi, sisi tupumzike!" Ndani wakacheka wote, na kicheko cha Baba nikakitambua, kilikuwa kifupi, kama mtu anayepiga chafya. Mzee Hamadi alikuwa na imani kubwa na sisi. Kila tukimaliza kupika, Neema na mimi na wakamwana wenzetu tulikuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba, kisimani, mashineni, tunazungumzia daraja. Kila mwanamke wa kijiji kile alikuwa na hadithi yake ya mto, hatukuwa na haja ya kumshawishi mtu. Hamadi akaona, akasema sebuleni, "Jama, tuacheni kuhangaika. Kina mama hawa peke yao wanatupa tawi hili. Tushughulikie kwingine."

Chama kiliwazungusha wagombea wote katika gari moja, wale chakula kimoja, ili wasipate nafasi ya kutukanana. Ilipofika zamu ya kijiji chetu walikula kwetu. Mheshimiwa, ambaye alijua namna ya kupendwa, aliacha sahani yake akaja mpaka mlango wa jikoni. "Poleni na moshi, akina mama. Mwagonile!" Tukamwitikia, "Ndaga." Akainua macho akaona kalenda. "Naona mmeniweka mahali pazuri," akasema. "Unatulindia masufuria, Mheshimiwa," Neema akamwambia, na akacheka kuliko sisi. Sijui ujasiri niliupata wapi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeuzoea uso wake kwa kuutazama kila siku. Nikasema, "Na daraja, Mheshimiwa?" Akaniambia daraja liko kwenye mpango. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mtoto atamletea peremende. Nikauliza tena, "Mpango huo una mto wetu au mto mwingine?" Upande wa pili wa ukuta vijiko vilinyamaza. Jioni, wageni walipokwisha ondoka, nikamsikia Baba akimwambia Mama kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Humu ndani kuna mtu anajua kuuliza swali." Katika maisha yetu yote hakuwahi kuniambia neno lililonikaribia zaidi ya lile. Nilikaa nalo wiki nzima.

Mwaka ule kura za maoni zilipigwa kwa mstari. Hakuna karatasi, hakuna sanduku: mgombea au wakala wake anasimama mbele, na wanachama wanajipanga nyuma yake, wanahesabiwa hadharani. Mheshimiwa aliweka mawakala kila tawi. Hamadi naye aliwapanga wa kwetu, mpaka Ngonga, mpaka Matema kwa Wakisi. "Isipokuwa hapa," alisema. "Hapa ni nyumbani kwake. Hapa asimame mwenyewe, watu wamtazame mtu wao." Wazee wa ukoo wakaitikia. Lusajo akaitikia. Na mimi, nikipepeta mchele upande wa pili wa ukuta, nikaona ni jambo jema kabisa. Waliokaa sebuleni mle walikuwa wameoa, walikuwa na wakamwana, waliimba nyimbo za kanisa kila walipopita uani kwao. Desturi ile walikuwa wameizoea kiasi kwamba hawakuiona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali na upepo wa ziwa. Tulikutana uwanja wa shule ya msingi, ambako pembeni kuna ghala la ushirika la kakao. Tulitoka nyumbani tunaimba, vitenge vipya, kadi za chama mkononi. Kichefuchefu, ambacho siku zote nilikisingizia harufu ya kakao, kilinishika njiani, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama si mimba. Tukaingia uwanjani, na pale mbele, amesimama wima katikati ya uwanja, kofia ya pama kifuani, ameelekea upande wetu, alikuwa Baba. Wimbo ulikatika. Sikumwona uso, nilikuwa nimeshajifunika kitenge kabla macho hayajafika, na wenzangu hivyo hivyo. Tulikimbia. Wanawake wazima tulikimbia kama tumemwona nyoka, tukajificha nyuma ya ghala. Na hatukuwa wachache. Kwetu baba mkwe si mtu mmoja: ndugu zake wote, na rafiki zake aliokua nao rika moja, wote unawatila, na wakamwana wao wote wanamtila yeye. Kijiji chetu ni ukoo ule na rafiki zake. Karibu kila mwanamke wa umri wetu aliyeolewa pale alikuwa mkamwana wa mgombea.

Tulisikia mistari ikipangwa. Tulimsikia katibu wa tawi, mwanamume mkavu asiyependa mzaha, akitangaza kwamba muda unakwenda. Neema alichungulia pembeni ya ukuta, akarudi. "Wa Mheshimiwa mrefu," akasema. "Wetu una wazee na vijana basi." Ningeweza kuvumilia tushindwe na Mheshimiwa. Kushindwa na vitenge vyetu wenyewe, nyuma ya magunia ya kakao, hapana. Nikamwona Mzee Hamadi anakuja mbio, kanzu kaishika kwa mikono miwili. "Enyi wanangu, mwangoja nini huku? Mtu wenu azama!" Neema akasema, "Yuko pale." "Ndiyo, yuko pale, mwendeeni!" "Hatuwezi." "Hamuwezi nini?" Akatutazama mmoja mmoja, wote tumejifunika. Nikamweleza. Nilieleza haraka, naye akaketi juu ya gunia. "Lahaula! Miezi miwili nala wali wenu, na hapana hata mmoja wa kunambia?" "Hukuuliza, baba," Neema akasema. Hapo ndipo nilipopata akili. Nikamwambia Hamadi, "Nenda kwa Mama. Kwenye matawi mengine wamesimama mawakala. Mwambie asimame Mama." Kwa Mama hatukuwa na neno, tulilala naye mkeka mmoja, tulilima naye, tulimnyoa nywele.

Hamadi akarudi uwanjani. Mimi nilichungulia kwenye kona ya ghala, na nilichokiona ni hiki: Baba amegeuka, mgongo kwetu, ule mgongo wa mtoni, anamsikiliza Hamadi. Halafu akavaa kofia yake, akaanza kutembea. Aliondoka uwanjani peke yake, mbele ya watu wote waliokuja kumtazama, akashika njia ya kwenda mtoni, na hakugeuka nyuma. Watu wa Mheshimiwa wakapiga kelele: "Amejitoa! Mgombea amejitoa!" Na kweli ndivyo ilivyoonekana. Mzee aliyetafuta kura kuanzia Juni anaondoka kabla hazijahesabiwa, na asingeweza kujua kama sisi tutatoka. Katibu akainua mkono. "Ana wakala?" Mama akatoka kwenye mstari. Mama yule, ambaye kwenye mikutano alikaa nyuma kabisa akisuka ukili, akaenda kusimama alipokuwa amesimama mumewe. "Mimi hapa," akasema. Katibu akamwuliza kama anaelewa kazi ya wakala. "Ni kusimama," Mama akajibu. "Nimesimama." Kisha akapaza sauti kuelekea ghalani kwa Kinyakyusa, akituita wanawe, na sisi tukatoka.

Sijawahi kusahau kutoka kule. Tulitoka tukiwa tumejifunua nyuso, kwa kuwa wazee wa mstarini walikuwa wametangulia mbele, migongo kwetu. Mstari ulimpita katibu, ukapita madarasa, ukakunja kona ya choo cha walimu, na wasichana ambao hawajaolewa na waliokuwa wamejipanga kwa Mheshimiwa kwa ajili ya kanga walizogawiwa wakaanza kuhama mmoja mmoja, wakijidai wanawafuata mama zao. Katibu alihesabu kwa kugusa mabega, akafika mwisho, akarudi kuanza upya kwa sababu alikuwa hajiamini. Tawi letu tulilichukua.

Jimbo hatukulichukua. Habari za matawi mengine zilianza kufika jioni, na kesho yake tukajua kwamba Mheshimiwa amepita. Sebuleni Hamadi hakugusa chai. Baba ndiye aliyesema, "Sasa daraja." Mmoja wa wazee akamwambia daraja limekwenda na kura. "Kura zimekwenda," Baba alisema. "Mto bado upo, na wale wanawake wapo." Nami nikiwa jikoni nikajikuta nimesimama wima, mwiko mkononi, kana kwamba nimeitwa.

Nimekaa kwenye siasa muda wa kutosha kujua kwamba mbunge wa jimbo kama letu haogopi kushindwa. Anaogopa aibu. Septemba Mheshimiwa alikuja kwenye kampeni ya uchaguzi mkuu, na uwanja ule ule wa shule ulijaa wanaume tu. Upande wa wanawake kulikuwa na majani. Wapinzani wake hata kijiji chetu hawakukijua, wala sisi hatukuwa na mpango wa kumchagua mwingine. Ila kulikuwa na mwandishi wa redio na kiongozi kutoka mkoani, na Mheshimiwa alikuwa anatazama yale majani. Mwishowe akauliza kwenye kipaza sauti, "Akina mama wako wapi?" Mama mkwe alisimama, mwanamke pekee uwanjani. "Wako nyuma ya ghala, Mheshimiwa. Wanangoja daraja." Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka, maana hatukutoka. Alihutubia wanaume mpaka akamaliza. Alipopanda gari lake, sisi tulikuwa bado tumekaa juu ya magunia, tunakula miwa.

Mbao na nondo zilikuja kabla ya siku ya kupiga kura. Oktoba tulijitokeza tukampigia kura kwa wingi, bila kinyongo. Daraja lilikuwa la miguu, jembamba, la mbao juu ya nguzo za zege, na msimamizi alikuwa Baba. Kijiji kizima tulibeba mawe na mchanga. Alipanga zamu mwenyewe: asubuhi wanawake, mchana wanaume na yeye, ili tusigongane. Kila tukifika asubuhi tulikuta amechora ardhini kwa kijiti mahali pa kuweka mawe, na tuliweka palepale.

Uchungu ulinishika Aprili tena, mchana, mvua inapiga. Sikulala kitandani safari hii, nilitembea. Mama alinishika mkono wa kulia, Lusajo wa kushoto, na kitenge kichwani. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita chini ya mbao kwa kishindo, na mbele yetu, katikati ya daraja, mtu mwenye kofia ya pama alikuwa anatembea taratibu akikanyaga kila ubao kwa kisigino, anaujaribu, kisha anakwenda kwenye unaofuata. Alivuka mpaka ng'ambo akaingia migombani. Nasi tukavuka. Lugano alizaliwa jioni ile, analia kwa nguvu mpaka muuguzi akamwambia anyamaze. Leo yeye mwenyewe ni muuguzi katika hospitali ile ile, na daraja sasa ni la zege, magari yanapita.

Basi nilikuwa bado na beseni la ndizi Tumpe aliporudi kutoka barazani. Wazee walikuwa hawajakubaliana. Wengine walisema asome mwingine, wengine wakasema nisome nimwite "marehemu" mwanzo hadi mwisho. Tukaenda kumwuliza Mama. Amekuwa mdogo, Mama, miguu haimbebi tena, amelala kwenye godoro sebuleni palepale yalipokuwa mabenchi. Alitusikiliza akiwa amefumba macho. "Kuna mtu anatila maiti?" akasema. Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, siku ile nilimsimamia mimi, kwa sababu ninyi hamkuweza. Leo mimi siwezi. Msimamie wewe."

Jumamosi jeneza lilifunguliwa uwanjani kwetu ili watu waage. Nilikwenda wa mwisho kati ya wakamwana, Neema mbele yangu. Nikainua kitenge nikatazama. Paji pana, masikio yaliyosimama kidogo, kidevu chenye shimo. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka, maana nilikuwa naujua uso ule. Nilikuwa nimeuosha, nimeupaka mafuta, nimeufuta makamasi. Ulikuwa uso wa Lugano. Nilimpenda sana mzee yule, na nilimwambia hivyo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Wakanipa kipaza sauti. Nyuma yangu nikasikia vitenge vinachakachaka, nikageuka: wakamwana wote, wa zamani na hawa wapya wa simu mkononi, walikuwa wameinuka kwenye mikeka na kujipanga mstari nyuma yangu, hakuna aliyewaambia. Mzee Hamadi, ameshikiliwa na mjukuu wake, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanzu. Mama alikuwa amebebwa kwenye kiti mpaka mlangoni, ananitazama. Nikavuta pumzi, nikasema kwamba tumekuja kumzika baba yetu, bwana shamba, mtu wa daraja, na jina lake ni Asegelile.